Saini ya Gesare

Kipngeno hakubisha hodi. Alilisukuma geti la mabati kwa goti, akaingia uani saa moja na nusu asubuhi, wakati wapangaji wa Gesare walikuwa wamejipanga kwenye bomba na ndoo zao, wengine wakiwa bado na mswaki mdomoni. Alikuwa mwenye duka la vifaa vya ujenzi pale senta ya Kabianga, mtu mnene wa sauti nzito, na asubuhi hiyo sauti yake hakuipunguza hata kidogo.

"Mama Gesare! Cheki yako imerudi!"

Gesare alikuwa jikoni akichemsha maziwa. Alitoka akijifuta mikono kwenye leso, akidhani hakusikia vizuri.

"Imerudi kutoka wapi?"

"Benki. Wameikataa. Na mimi niliyepewa nimekatwa pesa, kana kwamba mimi ndiye mwizi."

Alimsukumia ile hundi. Ilikuwa ile ile aliyoiandika Gesare wiki mbili zilizopita, elfu thelathini na tano, tarehe imeandikwa kwa herufi alizozichunga moja moja. Pembeni ilikuwa imebanwa karatasi ndogo ya benki yenye maneno mawili ya Kizungu.

"Wanasema nini?"

"Wanasema saini si yako."

"Saini ni yangu. Niliandika mbele yako, kwa kaunta yako, kalamu ikiwa yako."

"Hiyo ndiyo mbinu yenyewe," Kipngeno alisema, na sasa alikuwa hazungumzi naye tu, alikuwa anazungumza na ua mzima. "Mtu anaharibu saini kidogo makusudi. Cheki inarudi, anapata mwezi mwingine wa kunizungusha. Nimefanya biashara miaka ishirini, mama, nazijua hizi. Na niliambiwa mapema. Niliambiwa, usimpe mabati mtu ambaye kwao si hapa. Siku moja atapakia vyombo vyake arudi kwao, na wewe utabaki unamtafuta."

Bomba lilikuwa wazi na ndoo ya msichana mmoja ilikuwa imejaa, maji yanamwagika, hakuna aliyenyoosha mkono kulifunga. Wapangaji wote tisa walikuwa wanafunzi wa chuo kikuu. Wote walimwita mathe, yaani mama kwa lugha ya vijana, wote walimlipa kodi kwa simu kila muhula unapofunguliwa, na wote sasa walikuwa wakitazama miguu yao.

Gesare alitaka kusema kwamba alikuja Kericho akiwa na miaka ishirini na minne, kwamba amechuma chai ya watu hapa miaka thelathini na moja, kwamba mumewe amezikwa nyuma ya nyumba hiyo hiyo, hatua arobaini kutoka pale Kipngeno aliposimama. Lakini maneno yalikuja mengi kwa pamoja yakakwama.

"Kwetu ni hapa," alisema tu.

"Basi nilipe kama mtu wa hapa. Mpaka Ijumaa. Ijumaa isipofika pesa, nakuja na lori nang'oa mabati yangu."

Akatoka. Geti alilisukuma tena kwa goti. Jikoni maziwa yalikuwa yameshafurika na kuzima moto.

Ilikuwa Jumanne.

Mambo ya hundi hayakuwa wazo la Gesare. Alipoacha kazi shambani, baada ya mashine za kuchuma kuletwa na wanawake kupewa barua za shukrani, alichukua malipo yake ya mwisho akajenga vyumba tisa karibu na chuo. Watu walimcheka, lakini vyumba vilijaa kabla rangi haijakauka. Sasa alitaka kuongeza vinne. Kipngeno alikubali kumpa mabati, mbao na misumari mapema, kwa sharti moja: ampe hundi tatu, kila moja na tarehe ya mwezi wake. "Pesa ya simu mtu anaweza kuniambia kesho, kesho," alimweleza wakati huo, wakiwa bado marafiki. "Cheki iko na tarehe. Ikifika, imefika."

Ndipo Gesare akaenda Kericho mjini kufungua akaunti ya hundi, ile ya wafanyabiashara. Alibeba kitambulisho, picha mbili, namba ya ushuru na barua ya chifu. Aliyemhudumia alikuwa kijana mmoja nadhifu aitwaye Okemwa, wa kutoka upande wake wa Kisii, ambaye shangazi yake alisali kanisa moja na Gesare. Gesare alifurahi kumkuta. Kijana alipofika mahali pa saini alimsogezea kidau cha wino.

"Weka kidole hapa, mama. Ni rahisi."

"Kidole nimeweka miaka thelathini na moja kwenye karatasi ya mshahara," Gesare alimjibu. "Nimesoma ngumbaro miaka minne ili nisiweke kidole tena. Nipe kalamu."

Okemwa alicheka, akampa kalamu. Gesare aliandika jina lake kwenye fomu: G, E, S, A, R, E. Herufi kubwa, kila moja imesimama peke yake, kwa sababu ndivyo alivyofundishwa katika darasa hilo la watu wazima, na ule mwandiko wa kuunganisha hakuufikia kabla darasa halijafungwa. Hakuandika Nyagaka, jina la marehemu mumewe, ingawa kitambulisho kilisema Phelis Gesare Nyagaka. Nyagaka alikuwa mtu mwema na alikuwa na saini yake. Hii ilikuwa yake yeye. Kisha kukaja kadi yenye visanduku vitatu vya saini, na mkono ulikuwa umelowa jasho, wino ukachafuka kidogo kwenye kisanduku cha pili. Foleni nyuma ilikuwa ndefu. Okemwa alimwambia asijali, atashughulikia yaliyobaki, akampa mkono. Baada ya wiki mbili alipata ujumbe kwamba kitabu chake cha hundi kimefika. Siku alipokichukua, alikifunga kwenye leso kama mtu aliyebeba mayai.

Sasa, Jumanne hiyo hiyo, saa nne na nusu, alikuwa ameketi tena mbele ya meza ya Okemwa, hundi iliyorudi ikiwa katikati yao.

Okemwa hakuinua macho mara moja. Alipomwona alisalimia vizuri, akauliza habari za kanisa, kisha akageukia kompyuta. Aliangalia kioo, akaangalia hundi, akaangalia kioo tena.

"Ni kweli, mama. Saini haifanani."

"Haifanani na nini?"

"Na ile tuliyo nayo hapa."

"Ile mliyo nayo niliandika mimi. Na hii niliandika mimi. Sasa haifanani vipi?"

Okemwa alitabasamu kama mtu anayemtuliza mtoto. "Hutokea sana kwa wazee wetu. Mtu anafungua akaunti na saini moja, akifika nyumbani anasahau, anaandika nyingine. Hebu andika hapa kwa karatasi hii. Andika mara tano."

Gesare aliandika mara tano. Watu wa foleni walikuwa wanaona. Aliandika pole pole, ulimi umebanwa kwa meno, na alipomaliza hakukuwa na tofauti yoyote aliyoiona kati ya majina yale matano ila moja lilikuwa kubwa kidogo.

"Zote hazifanani," Okemwa alisema bila hata kuinama vizuri juu ya karatasi. "Jaribu ile nyingine, mama. Ile ya kwanza."

"Ile ya kwanza ndiyo hii!"

"Pole pole, mama, watu wanatusikia." Alifungua droo, na Gesare akakiona tena kile kidau cha wino. "Mimi nakushauri kama mtoto wako. Weka kidole. Tutabadilisha iwe kidole, na hutasumbuka tena. Hizi saini ni za watu ambao... yaani, wamezizoea."

Gesare alikitazama kidau. Alikuwa amekiona cha namna ile kila mwisho wa mwezi kwenye dirisha la ofisi ya shamba, na nyuma ya dirisha karani ambaye hakuwahi kuinua macho, aliyeshika vidole vya wanawake na kuvikandamiza mwenyewe kana kwamba hata kubonyeza hawajui. Sasa karani alikuwa kijana wa kanisani kwao na meza ilikuwa ya kioo, lakini kidau kilikuwa kile kile.

"Nionyeshe hiyo saini mliyo nayo," alisema.

"Siwezi, mama. Ni mambo ya usalama."

"Usalama wa nani? Jina ni langu."

"Ni siri ya ofisi."

"Jina langu ni siri, na mimi ndiye nafichwa?" Sauti ilikuwa imepanda na Gesare aliiacha ipande. "Asubuhi nimeitwa mwizi mbele ya wapangaji wangu. Nimeambiwa kwetu si hapa. Nina elfu sitini na moja ndani ya akaunti hii, mmezikalia, mmekata zangu na za Kipngeno, halafu mnaniambia nimesahau jina langu. Sitoki hapa mpaka niione."

"Mama, kuna wateja wengine."

"Na mimi ni nani?"

Aliinuka, akahamia kiti cha ukutani kilichokabili mlango wa meneja, akakaa na mkoba wake magotini. Okemwa alimwita mteja mwingine. Askari wa mlangoni alikuja, akamwuliza kwa heshima kama kuna shida, akajibiwa kwamba shida ipo lakini si yake. Saa tano ikapita. Saa sita ikapita. Hakunywa maji wala kwenda haja, maana alijua akitoka mara moja kiti hicho hatakipata tena na mlango ule utakuwa na kufuli.

Saa saba kasoro meneja alitoka kwenda kula. Alikuwa mwanamke wa makamo, mrefu, aliyeitwa Madam Aluoch, na alikuwa tayari ameshika funguo za gari. Gesare alisimama mbele yake.

"Madam, mimi ni mteja wako. Naomba dakika kumi, halafu nitaenda zangu."

Huenda ni vile alivyosema, bila kulia na bila kubembeleza. Madam Aluoch aliangalia saa yake, akaangalia uso wa yule mama, akarudi ndani na kumwita. Alisikiliza hadithi yote akiwa amesimama. Kisha akapiga simu, na Okemwa akaletwa na faili.

Lilikuwa faili jembamba la karatasi. Meneja alitoa kadi akaiweka mezani, akaigeuza imwelekee Gesare.

"Hii ndiyo saini yako tuliyo nayo, mama."

Gesare aliinama. Katika visanduku vyote vitatu kulikuwa na mwandiko wa haraka ulioungana kama nyuzi za sweta, P na G halafu Nyagaka, na chini yake mkia mrefu uliopinda mara mbili. Ilikuwa saini nzuri. Ilikuwa saini ya mtu aliyesoma.

"Hii si yangu," alisema.

"Una hakika? Watu huwa..."

"Madam, mimi sijui kuunganisha herufi." Alisema hivyo bila aibu, na alishangaa kwamba aibu haikuja. "Mwalimu alituambia tungefundishwa mwaka wa tano, na mwaka wa tano darasa lilifungwa. Hata ukiniambia niandike hivi sasa hivi uniachie akaunti bure, siwezi. Halafu hilo ni jina la mume wangu. Mimi sijawahi kutia saini kwa jina la mume wangu. Angalia fomu. Fomu niliandika mwenyewe."

Meneja alifungua ukurasa wa fomu. Pale chini lilikuwa limesimama: G, E, S, A, R, E. Alichukua ile hundi iliyorudi akaiweka kando yake. Hakuhitaji miwani. Kisha macho yake yalishuka mstari mmoja zaidi, mahali afisa wa benki hutia saini kwamba ameshuhudia. Saini ya Okemwa ilikuwa pale, imeandikwa kwa haraka, na chini yake ulikuwepo mkia mrefu uliopinda mara mbili.

Gesare aliuona ule mkia baada ya meneja kuuona, na alipouona alimgeukia Okemwa. Kijana alikuwa anatazama zulia.

"Okemwa," Madam Aluoch alisema. "Nenda ukanisubiri nje."

Mlango ulipofungwa, meneja alikaa kwa mara ya kwanza. Sauti yake ikawa laini. Alisema amesikitika. Alisema jambo hili litashughulikiwa ndani, kwamba benki ina utaratibu wake, na kwamba la muhimu sasa ni kumsaidia mama apate huduma. Akachapa kitu kwenye kompyuta, mashine ikatoa karatasi.

"Tia saini hapa, halafu tutachukua saini mpya kwa kadi mpya. Kesho cheki yako itapita."

Karatasi ilikuwa ya Kizungu, mistari mitano.

"Inasema nini?"

"Inasema tu saini irekebishwe."

"Niandikie kwa Kiswahili. Kiswahili nasoma."

"Mama, maana ni ile ile."

"Kama ni ile ile, haitakusumbua kuiandika."

Meneja alivuta pumzi, akachapa tena. Gesare aliipokea karatasi ya pili akaweka kidole chake chini ya neno la kwanza na kukisogeza, akisoma kwa sauti, kama walivyokuwa wakisoma ngumbaro. "Mimi, Phelis Gesare Nyagaka, naomba kwa hiari yangu kubadilisha saini yangu, na nakubali kwamba benki haitadaiwa kwa lolote lililotokea kabla ya mabadiliko haya."

Alirudia kuisoma, safari hii kimya. Kisha akaisukuma.

"Nimebadilisha nini?"

"Ni lugha ya ofisi tu, mama."

"Hapana, madam. Hiki ni Kiswahili, na nimekielewa. Hapa inasema mimi nilikuwa na saini moja, sasa nataka nyingine. Kipngeno akiiona hii atasema, si nilisema? Na atakuwa sawa, kwa sababu nitakuwa nimekubali mwenyewe." Aliisogeza kalamu mbali naye. "Asubuhi mmesema nimesahau. Mchana mnataka niseme nimebadilisha. Hakuna hata mmoja hapa ambaye amesema mliniandikia uongo."

Madam Aluoch alikunja midomo. Alisema atatoka kidogo ashauriane na makao makuu kwa simu, akamwomba asubiri pale pale.

Hazikupita dakika tano, mlango ukafunguka na Okemwa akaingia peke yake. Hakukaa. Aliongea kwa Kikisii, kwa sauti ya chini, na alimwita omong'ina, kama kijana mwenye adabu amwitavyo mama mzee.

"Omong'ina, nisamehe. Kadi yako wino ulichafuka. Mashine ya kupiga picha ingeikataa. Ulikuwa umeshaondoka, na wiki hiyo tulitakiwa kufungua akaunti mia moja, na mimi nilikuwa sijafika hata hamsini. Nikachukua kadi nyingine nikajaza. Sikuiba chochote. Nilijua utakuwa unatuma tu pesa kwa simu, kwamba hundi hutaandika kamwe."

"Kwa nini nisiandike?"

Okemwa alitazama mlango.

"Nilikuja kufungua akaunti ya hundi. Nikaomba kitabu cha hundi. Ukakiagiza mwenyewe. Kwa nini ulijua sitaandika?"

"Nilifikiri..." Aliacha hapo. Macho yake yalikuwa yamelowa, na Gesare alimwona kama alivyokuwa, kijana wa miaka ishirini na sita au saba, mwenye mke mchanga ambaye kanisa zima lilimchangia harusi. "Ukitia saini hiyo barua, inaisha. Usipotia nitafukuzwa. Nakuomba kama mama yangu."

Ilikuwa vigumu. Gesare alikiri baadaye kwamba mahali hapo palikuwa pagumu kuliko pote, kwa sababu huruma alikuwa nayo, na kalamu ilikuwa pale mezani. Lakini akakumbuka vile kijana huyu alivyomwambia aandike mara tano mbele ya watu, akasema zote hazifanani bila kuziangalia.

"Kadi ilipochafuka ungenipigia simu," alisema. "Namba yangu ulikuwa nayo. Ningepanda gari kesho yake nikaja kuandika nyingine. Ingekuwa ni mwalimu wa chuo, ungempigia?"

Okemwa alisogea hadi dirishani.

"Ungempigia. Mimi sijaomba ufukuzwe, na nitamwambia madam hivyo. Lakini uongo wako sitautilia saini."

Madam Aluoch aliporudi alimkuta Okemwa amesimama dirishani na Gesare ameketi vile vile. Kulikuwa na maneno mengi baada ya hapo, mengine ya kubembeleza na mengine makali. Gesare alitaka mambo matatu, na aliyarudia kila mara walipojaribu kumpeleka kando: barua kwa Kipngeno ikisema kosa ni la benki, pesa zote zilizokatwa zirudishwe, zake na za Kipngeno, na kadi mpya ambayo ataandika yeye mwenyewe huku meneja akiangalia. Saa tisa na nusu alipata barua. Ilisema "hitilafu katika kumbukumbu za tawi letu". Neno la kuomba radhi halikuwemo. Gesare aliuliza liko wapi. Meneja akasema makao makuu hayaruhusu. Gesare akasema basi hitilafu waiite kosa, na hilo, baada ya simu nyingine, likaruhusiwa.

Kadi aliijaza taratibu. Wino haukuchafuka, lakini hata ungechafuka, kulikuwa na rundo zima la kadi mezani. Makato yalirudishwa siku ya Alhamisi, yote isipokuwa ushuru wa serikali, ambao walisema hautoki kwao. Aliwaachia huo kwa shingo upande.

Alhamisi hiyo hiyo aliingia dukani kwa Kipngeno na barua. Kipngeno aliisoma akiwa amesimama nyuma ya mizani ya misumari, akaisoma tena, akaikunja.

"Sawa, mama. Ni benki basi. Pole. Nitaipeleka tena hiyo cheki."

"Hiyo pole umeisemea hapa."

"Nisemee wapi?"

"Uliniita mwizi uani kwangu, watoto wa watu wakisikia. Ukasema kwetu si hapa. Hapa dukani tuko wawili."

Kipngeno alicheka, kisha akaona kwamba anacheka peke yake. Alisema ana kazi. Alisema mambo ya biashara yana hasira zake, mtu hawezi kuyashika moyoni. Gesare alimwambia hundi mbili zilizobaki anaweza kuzirudisha sasa hivi, na mabati aje ayang'oe kama alivyoahidi, kuna duka lingine Chepseon. Akageuka kwenda zake.

Kipngeno alikuja Jumamosi, saa moja na nusu, na safari hii alibisha geti. Mkewe, Chepchirchir, alikuwa naye, na huenda ndiye aliyemleta. Wapangaji walikuwa bombani. Kipngeno alivua kofia, akakohoa, akasema kwa sauti ambayo haikuwa nzito sana kwamba siku ile alimkosea mama huyu, kwamba kosa lilikuwa la benki, na kwamba yale mengine, ya kwao ni wapi, hayakuwa maneno ya kusemwa na mtu mzima. Hakusema zaidi. Chepchirchir alimpa Gesare mkono kwa mikono miwili. Msichana mmoja wa mwaka wa pili alipiga makofi, akanyamazishwa na wenzake. Gesare aliwakaribisha chai na hakuifanya kuwa tamu sana.

Hundi ilipita Jumatatu. Ya pili ikapita mwezi uliofuata, na ya tatu pia, na vyumba vinne vikaezekwa kabla ya mvua kubwa.

Okemwa hakufukuzwa. Alipewa onyo na kuhamishiwa tawi la Bomet, mbali na mkewe, na kwa sababu hiyo lawama ikamwangukia Gesare. Jumapili ya tatu baada ya uhamisho huo, ibada ikiwa haijaanza, Bonareri, shangazi ya Okemwa, alikuja kukaa kando yake kwenye benchi.

"Yule ni kijana wetu," Bonareri alisema, macho yakiwa mbele. "Hakuchukua hata shilingi. Umemharibia nyumba kwa ajili ya saini. Ungemwacha tu. Saini ni nini?"

"Ni kijana wetu, kweli," Gesare alisema. "Na mimi ni wa nani?"

"Sijasema hivyo."

"Kipngeno aliponiambia kwetu si hapa, nilimwelewa, hanijui vizuri. Huyu ananijua. Alikula kwangu Krismasi. Na bado aliona mkono wangu hauwezi, akaandika mwenyewe, halafu akanifanya niandike mara tano mbele ya watu ili wote waone siwezi. Na wewe unakuja kuniuliza saini ni nini, ndani ya kanisa."

Watu wawili wa benchi la nyuma waligeuka. Bonareri alifunga kitabu chake cha nyimbo, akachukua mkoba, akahamia upande wa kina mama wa kwaya. Mpaka leo wanapokutana mlangoni husalimiana kwa kichwa tu.